Je, Wajua? Wingu Jeusi la Barabara ya Nchiru

Asubuhi kwenye steji ya Nchiru, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru husimama wakisubiri matatu ya kwenda mjini au ya kupanda Maua. Lori la mchanga linapita, dereva anabadilisha gia, injini inakoroma na wingu jeusi linafumuka kwenye ekzosi. Mama wa mandazi anafunika beseni lake haraka, kwa mkono uliozoea. Wanafunzi wanageuza nyuso. Lori likishatokomea, wingu bado lipo. Nimeliona jambo hili mara nyingi, nami nikaanza kulifuatilia wingu lenyewe: limeundwa na nini, linafanya nini kifuani, ni nani duniani aliyefaulu kuliondoa na aliliondoaje. Niliyoyapata ni haya.

Je, wajua kwamba reli haijawahi kufika Meru? Njia ya kutoka Nairobi ilifika Nanyuki mwaka wa 1930 ikakomea hapo, upande wa pili wa Mlima Kenya. Embu nako hakuna reli; walio karibu nayo ni watu wa Sagana. Ndiyo maana saruji, mabati, mbolea na unga huja kwa lori, na majani ya chai kutoka mashambani hadi viwanda kama Michimikuru na Kiegoi hupanda lori vilevile. Viazi vya Kibirichia na ndizi za Imenti haziendi sokoni kwa njia nyingine. Hakuna nyumba Nchiru ambayo haijajengwa kwa dizeli.

Je, wajua kwamba injini ya dizeli iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga? Ilikuwa mwaka wa 1900, kwenye Maonyesho ya Dunia jijini Paris. Mvumbuzi wake, Mjerumani Rudolf Diesel, alipata hataza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ikakamilika mwaka wa 1897. Mwaka wa 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, akatoweka usiku baharini. Jina lake limebaki kwenye kila pampu ya mafuta kati ya Embu na Maua.

Je, wajua ule weusi ni nini hasa? Ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuyamaliza. Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa kwanza, kisha cheche huwasha. Ya dizeli haina cheche. Hubana hewa mpaka iwe ya moto mkali, halafu nozeli hunyunyiza mafuta ndani yake na mafuta huwaka papo hapo. Ukingo wa mnyunyizo hupata hewa ya kutosha. Katikati yake hakuna, na mafuta ya hapo hugeuka masizi badala ya kuungua yote. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwa dizeli ni vema kuongeza: pafukapo moshi mweusi, moto haukutosha.

Kwa hiyo mwenye lori linalotoa wingu anapoteza mafuta aliyoyanunua.

Je, wajua kwamba kuishi kwetu juu kunaongeza moshi? Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban sehemu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Injini kongwe isiyo na taabo huvuta hewa kama ilivyo, haiongezi. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya pwani ikiletwa huku, hupeleka dizeli ileile kwa hewa iliyopungua, na kinachozidi hutoka kikiwa masizi. Barabara ya Meru kwenda Nanyuki kupitia Timau hupita mita 2,000, hivyo hali huko ni mbaya zaidi. Ongeza sasa miteremko ya Nithi na Thuchi kwenye barabara ya Embu, ambako lori lililoshuka bondeni lazima lipande upande wa pili likiwa na mzigo wote. Ukitaka kuona moshi wa dizeli ulivyo, simama pale juu ya mlima, upande ambao upepo hauendi.

Fundi mzuri hulijua jambo hili na kuipima pampu upya. Fundi mwingine huombwa afanye kinyume: akaze skrubu ya pampu ili mafuta yaingie mengi na lori "livute." Huvuta kweli kwa muda. Halafu pistoni zinachoka mapema, mafuta yanaisha mapema, na watu wa steji wanapokea kilichobaki.

Je, wajua kwamba rangi ya moshi ni lugha? Mweusi: mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni kichujio cha hewa kilichojaa vumbi au nozeli zinazovuja badala ya kunyunyiza. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto: mafuta hayawaki, au maji ya rejeta yanaingia mahali yasipotakiwa. Kichujio cha hewa ni kati ya vipuri vya bei nafuu zaidi kwenye lori zima, na vumbi la barabara za mchanga za Tharaka hukijaza upesi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema.

Je, wajua udogo wa chembe hizi? Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe ambazo madaktari wanazihofia zaidi hazizidi mikromita 2.5, na nyingi za masizi ya dizeli ni ndogo kuliko hizo kwa mbali. Pua haizishiki. Kikohozi hakizitoi. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu, na zilizo ndogo kabisa huvuka. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt nchini Ubelgiji walitangaza kwamba wamekuta chembe za masizi ndani ya kondo la nyuma la wajawazito, upande wa mtoto. Nikisoma hayo huwa namfikiria mama mjamzito anayeuza ndizi kando ya lami kuanzia asubuhi hadi jioni.

Je, wajua kwamba tangu Juni 2012 moshi wa dizeli umo katika kundi moja na tumbaku na asbesto? Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka katika Kundi la 1, la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mzito ulitoka kwa wachimba migodi 12,315 wa Marekani waliofanya kazi chini ya ardhi pamoja na mitambo ya dizeli. Kadiri mchimbaji alivyovuta moshi mwingi, ndivyo hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu ilivyopanda.

Je, wajua kwamba mwaka wa 2021 WHO ilishusha kiwango inachopendekeza cha chembe hizo ndogo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka? Utafiti ulikuwa umeonyesha madhara hata pale ambapo zamani palidhaniwa salama.

Je, wajua jina la Ella Kissi-Debrah? Alikuwa msichana wa miaka 9 aliyeishi kusini-mashariki mwa London, karibu na barabara kubwa yenye msongamano. Alifariki Februari 2013 baada ya miaka ya kulazwa na kutolewa hospitalini kwa ugonjwa wa pumu. Mama yake hakuacha kuuliza. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, uamuzi wa kwanza wa aina hiyo Uingereza. Kabla yake, maelfu walikufa kwa hewa chafu bila cheti hata kimoja kuitaja.

Hapa ni lazima niseme jambo moja kwa haki ya wenye malori. Nyumba nyingi za Meru na Embu bado zinapikia kuni kwenye mafiga matatu, na jiko lisilo na dirisha lina masizi mengi kuliko steji yoyote. WHO inakadiria kwamba hewa chafu, ya ndani na ya nje kwa pamoja, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani. Moshi wa kuni haufanyi wa dizeli kuwa mdogo. Mtoto anayetoka jikoni asubuhi na kutembea kando ya barabara hadi shuleni anavuta moshi wa aina zote mbili.

Je, wajua kwamba ukisogea mita mia chache kutoka barabarani, sehemu kubwa ya moshi wa magari huwa imetawanyika? Mahali unapojenga shule ya chekechea, au unapoweka lango lake, ni uamuzi wa afya.

Je, wajua kwamba Afrika iliwahi kupigana vita vya namna hii ikashinda, na makao ya mapambano hayo yalikuwa Nairobi? Zamani petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo iliharibu ubongo wa watoto. Juni 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaazimia kuiondoa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao Gigiri, lilisukuma kazi hiyo pamoja na serikali na kampuni za mafuta. Kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeacha kuuzwa kusini mwa Sahara. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Nilipokuwa nikisoma kisa hiki nilitamani kila anayesema "haiwezekani kwetu" akisome kwanza.

Baada ya risasi ikaja zamu ya salfa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu bila kuielewa salfa huwezi kulielewa lori.

Je, wajua kuna salfa kiasi gani kwenye pipa la dizeli? Chukua pipa la lita 200, ambalo mafuta yake yana uzito wa kilo 168 hivi. Miaka ya nyuma, dizeli ya eneo hili ilipokuwa na salfa iliyohesabiwa kwa maelfu, kiwango cha sehemu 5,000 kwa milioni kilimaanisha gramu 840 ndani ya pipa hilo, karibu kilo nzima. Kikashuka hadi 500: gramu 84. Halafu tarehe 1 Januari 2015 nchi 5 za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zikahamia kiwango kimoja cha sehemu 50 kwa milioni. Gramu 8 na kitu, vijiko viwili vya chai katika pipa zima. Ulaya tangu 2009 iko kwenye 10, chini ya gramu 2.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka wa 1963, kilijengwa kwa enzi nyingine na hakikuwa na mitambo ya kuondoa salfa kwa kiwango hicho. Kiliacha kusafisha mafuta Septemba 2013. Tangu hapo dizeli inayofika Meru imesafishwa ng'ambo, ikashushwa Mombasa ikiwa tayari.

Na kwa nini salfa? Ikiungua hutoa gesi inayowasha koo na kutengeneza chembe zake yenyewe. Lakini sababu kubwa ni nyingine: salfa huua vifaa vya kusafisha moshi. Ukifunga kichujio cha kisasa kwenye lori linalotumia dizeli chafu, kemikali zilizopakwa ndani yake hupoteza nguvu na kichujio kuziba. Kusafisha mafuta lilikuwa jambo la kwanza, kwa kuwa bila hilo hakuna teknolojia ambayo ingeishi hapa. Afrika Mashariki ililifanya, na ililifanya mapema kuliko sehemu nyingi za bara hili. Dizeli iliyo kwenye pampu ya Nchiru leo inafaa kwa injini bora kuliko nyingi zinazoinywa. Hilo ndilo linaloniuma kila lori la mchanga linapopita.

Je, wajua kwamba mafuta ya taa yaliwahi kuwa adui wa injini za dizeli? Yalikuwa rahisi, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli. Injini ikanyimwa ulainisho, pampu zikaharibika, moshi ukabadilika. Mwaka wa 2018 serikali ya Kenya ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuondoa faida ya kuchanganya. Mchanganyo ulipungua, lakini aliyelipa ni pamoja na mwanafunzi aliyesomea kibatari na bibi aliyepikia stovu. Sera nzuri nayo ina mtu inayemkanyaga, na ilifaa afikiriwe tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba nambari ya usajili inaweza kukusimulia umri wa lori? Mfululizo wa KAA ulianza mwaka wa 1989, KBA ukafuata 2007. Lori lenye nambari inayoanza na KA lilisajiliwa miaka mingi kabla dizeli ya 2015 haijafika, na injini yake haikuundwa kwa kichujio chochote. Yahesabu yanayopita Nchiru kwa saa moja tu, utaona mengi bado yanafanya kazi. Kenya huzuia gari lililotumika lisiingie nchini likiwa limepita miaka 8, chini ya kiwango kiitwacho KS 1515. Uganda iliweka mwaka wa 2018 kikomo cha miaka 15. Vikomo hivyo viko mlangoni. Lori likishaingia, au likiunganishwa hapahapa nchini, linaweza kutembea hadi chasisi ioze.

Sisemi yang'olewe barabarani kesho. Lori kuukuu mara nyingi ni mali ya mtu mmoja aliyeuza ng'ombe na kuongeza mkopo. Ninachosema ni kwamba lori la miaka 25 lenye nozeli nzima na kichujio kisafi linaweza kupanda Nithi bila kutia giza.

Je, wajua kwamba chupa moja ya masizi ilibadilisha jiji kubwa? Mwaka wa 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akiwa na chupa ya plastiki yenye masizi meusi yaliyotolewa na malori ya dizeli, akaitikisa wote wakaona. Kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa 3 jirani yake zilipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi, hata yaliyosajiliwa kwingine. Mwenye lori alikuwa na njia mbili: afunge kichujio au abadilishe lori.

Mengi ya magari yetu yametoka Japani, ama yakiwa yametumika au yakiwa vipande vya kuunganishwa. Ripoti ya UNEP ya 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje kati ya 2015 na 2018, asilimia 80 yakienda nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Moshi uliokataliwa mahali pamoja huweza kupanda meli. Ndiyo sababu anayenunua naye lazima awe na sheria.

Je, wajua kwamba kichujio cha masizi kinafanana na sega la asali? Ni pande la kauri lenye vijitundu vingi vya mraba, kimoja kimezibwa mbele na jirani yake kimezibwa nyuma. Moshi unalazimika kupenya kwenye ukuta, hewa inapita, masizi yanabaki. Hunasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe. Kikikaribia kujaa, joto la ndani hupandishwa hadi karibu nyuzi 600 na masizi huungua yakawa majivu kidogo. Kinachokiharibu ni safari fupifupi zisizopata moto, oili isiyofaa, na fundi anayekikata na kuchomelea bomba tupu kwa kuwa taa ya dashibodi imewaka.

Je, wajua kwamba mbolea ya urea, ileile ambayo mkulima wa Meru hunyunyizia mahindi, husafisha moshi wa malori ya kisasa? Masizi ni nusu ya tatizo; nusu nyingine ni oksidi za nitrojeni, ambazo hazionekani lakini huchoma mapafu. Lori hubeba tangi dogo la maji yenye urea safi asilimia 32.5. Yakinyunyiziwa kwenye ekzosi yenye joto hutoa amonia, na amonia hugeuza oksidi hizo kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Tafadhali usikoroge ya gunia ukaitia mwenyewe: mbolea ya shamba ina uchafu utakaoua kifaa chote.

Je, wajua tofauti ya vizazi vya injini? Kiwango cha kwanza cha Ulaya kwa malori, Euro I cha mwaka 1992, kiliruhusu gramu 0.36 za chembe kwa kila kilowati-saa ya kazi. Euro VI, kilichoanza 2013, kinaruhusu 0.01. Malori 36 mapya kwa moshi wa lori moja la kale.

Je, wajua kwamba watengenezaji wakubwa wamewahi kudanganya? Oktoba 1998 kampuni 7 za injini za malori zilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa faini ya dola milioni 83.4. Kompyuta za injini zao zilitulia kwenye maabara ya kupimia, kisha barabarani zikabadilisha namna ya kuchoma mafuta na kutoa oksidi za nitrojeni kwa wingi. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakisisitiza lori lipimwe likiwa na mzigo, kwenye mlima, mahali watu walipo.

Je, wajua kwamba moshi unaweza kupimwa kwa karatasi? Mwaka wa 1888 Mfaransa Maximilien Ringelmann alibuni kadi zenye mistari myeusi inayokatizana, kuanzia 0 ambayo ni nyeupe hadi 5 ambayo ni nyeusi tii. Unaishika mbali kidogo, unalinganisha na moshi, unaandika nambari. Siku hizi kuna kipimo kinachopitisha mwanga katikati ya moshi na kusoma ni kiasi gani kimezuiwa, lakini kadi bado inafaa kwa anayetaka kuanza. Ringelmann huyohuyo anakumbukwa kwa jambo jingine: alipima watu wakivuta kamba akakuta kwamba wakiongezeka, kila mmoja huvuta kwa nguvu pungufu kuliko angevuta peke yake. Nalikumbuka hilo kila nikijaribu kujua moshi huu ni jukumu la nani: polisi wa trafiki, kaunti, mamlaka ya mazingira NEMA, mamlaka ya usalama barabarani NTSA, au mwenye lori.

Magari ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka na NTSA. NEMA ina kanuni za ubora wa hewa, na zinagusa moshi wa magari. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kamba ipo, na wavutaji ni wengi. Ningependa kuona kipimo cha moshi kimewekwa kando ya barabara, juu ya mlima, siku ya soko, na dereva akipewa siku 14 za kutengeneza kabla ya faini.

Je, wajua kwamba lori lililosimama huku injini ikinguruma linachafua hewa bila kufika popote? Mpaka wa Moyale, mwisho wa barabara inayotoka Meru kupitia Isiolo na Marsabit, ulizinduliwa kuwa kituo kimoja cha forodha Desemba 2020. Lori hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Foleni fupi ni hewa safi, ingawa waliokibuni kituo hicho hawakuwa na nia hiyo kwanza.

Je, wajua kwamba Delhi ilibadilisha mabasi yake kwa amri ya mahakama? Mahakama ya Juu ya India iliagiza mwaka wa 1998, na kufikia mwisho wa 2002 mabasi ya umma ya jiji hilo yalikuwa ya gesi asilia. Karibu nasi, Tanzania ina gesi yake ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka wa 2004. Kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara kimegeuza baadhi ya malori yake yatumie gesi asilia. Gesi karibu haina masizi.

Je, wajua kwamba neno "gari la moshi" limeanza kupitwa na wakati nchini Tanzania? Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na wiki chache baadaye ikafika Dodoma. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ya 2017, bado inavutwa na dizeli, lakini behewa moja la mizigo huondoa lori zima barabarani.

Je, wajua kwamba Ethiopia, jirani yetu kwa barabara ya Moyale, ilitangaza mapema 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli? Uganda ilionyesha basi lake la jua, Kayoola, Februari 2016 jijini Kampala. Wanasayansi wa Makerere nao walianzisha AirQo, vipimo vya bei nafuu vya hewa, vingine vikifungwa kwenye boda boda. Kifaa kama hicho kwenye paa la bweni la chuo hapa Nchiru kingetuambia saa ambayo mtoto asipite barabarani.

Je, wajua kwamba mwaka wa 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, wakati huo shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi yamepungua, kabla ya kodi? Na zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Lori kubwa la umeme bado ni ghali na betri yake ni nzito. Sioni likibeba mchanga wa Tharaka karibuni. Basi ni jambo jingine. Mabasi ya kwanza ya kampuni ya BasiGo, yaliyoanza kazi Nairobi mwaka wa 2022, yalikuwa na viti 25 na yalitangazwa kwenda kilomita 250 kwa chaji moja.

Je, wajua kwamba kutoka Meru hadi Nairobi kupitia Embu ni kilomita 230 hivi? Njiani, kushoto kwako ukiwa unaelekea Nairobi, Mto Tana unashuka katika mabwawa matano: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225, kubwa kuliko bwawa jingine lolote la umeme nchini. Mji wa Embu uko karibu katikati ya safari hiyo, mahali ambapo matatu za Meru husimama abiria wanywe chai, wanunue maembe, wanyooshe miguu kwa muda ambao basi lingeweza kuwa kwenye chaja.